Shangazi wa Kwenye Tangi

Tarehe 2 Februari

Wifi yangu,

Salamu nimefungasha nyingi, jipimie mwenyewe kadiri unavyoweza kubeba. Mimi mzima, cherehani langu zima, mguu wa kulia tu ndio unalalamika kwa kukanyaga pedali tangu asubuhi. Ni msimu wa sare za shule na wazazi wote wa mtaa huu wamegundua siku moja kwamba watoto wao wamerefuka.

Nimekupigia simu mara tatu hukupokea. Sikulaumu. Nimeona niandike, maana barua haikati maneno ya mtu katikati, na wewe na mimi tunajuana.

Ninachotaka ni kimoja. Siku ya maziko nilisikia kuna watu wa kliniki ya meno wanalitaka tangi la samaki la kaka waliweke pale wanapokaa wagonjwa. Nakuomba usiwape. Najua hukulipenda tangi lile. Najua alipoliunganisha mara ya kwanza liliachia maji yote sebuleni, ukaanika zulia wiki nzima. Lakini kaka alivikata vile vioo kwa mikono yake, akiwa amechoka na kutengeneza redio za watu. Na wale samaki wenye mkia wa bluu na ukingo mweusi, aliwachagua mzao kwa mzao kwa miaka kumi na moja mpaka mkia ukakaa alivyotaka. Nimezunguka maduka ya samaki ya huku, sijawaona kama wale.

Nikimaliza sare nitakuja kukuona, katikati ya Machi. Usitoe kitu kabla sijafika.

Dada wa mumeo, mwenye mguu mmoja mbovu

*

Tarehe 9 Februari

Wifi,

Sikupokea simu kwa sababu kwenye simu nitalia. Nikiandika nalia pembeni, karatasi inabaki kavu.

Habari za samaki si nzuri, na ni heri uzijue sasa kuliko uje uzikute. Mwanzoni mwa Januari umeme ulikatika siku mbili. Pampu ya hewa ikanyamaza. Kaka yako angejua la kufanya, mimi nilisimama tu na tochi. Madume wote walikufa, mmoja mmoja, wa mwisho tarehe 9 Januari. Niliandika kwenye lebo nikaibandika kwenye kioo: "Dume wa mwisho, 9 Januari." Utacheka. Ndivyo ninavyofanya kila siku kwenye duka la dawa. Kitu kisicho na tarehe sikiamini.

Majike walibaki watatu, sasa yupo mmoja, yule mnene. Labda hujui jina lake, kaka yako alimwita Shangazi. Alisema ni kwa sababu anafika kwenye chakula kabla ya wenzake na anaondoka wa mwisho, akiwa amewapa wote ushauri.

Basi ukoo wa mkia wa bluu umeishia hapo. Jike mmoja bila dume ni kama nusu ya mkasi. Nimelisafisha tangi vizuri ili kliniki wakilichukua lisiwatie aibu. Nimeng'oa magugu yote yaliyokuwa yamejaa humo, nimesugua vioo, maji sasa unaweza kumnyweshea mgonjwa vidonge. Wiki iliyopita niliona vidudu viwili vitatu vyenye macho vikielea juu, nikajua ni viluwiluwi vya mbu. Niliporudi kutoka kazini havikuwepo, nikashukuru.

Kliniki watakuja mwisho wa Machi. Uje kabla, ulione kwa mara ya mwisho.

Mjane wa kaka yako

*

Tarehe 16 Februari

Wifi yangu wa tarehe na lebo,

Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Vile havikuwa viluwiluwi. Walikuwa watoto. Samaki hawa hawatagi mayai ukayaona yameganda mahali, wao wanazaa, mtoto anatoka amejikunja kama uzi uliokatika, anajinyoosha, anaondoka na macho yake makubwa. Na Shangazi aliwala. Usimkasirikie, hajui kuwa ni wake. Kwake yeye kitu kidogo kinachotikisika ni chakula. Ndiyo maana kaka aliyaacha yale magugu yajae, watoto wapate pa kujificha mpaka watakapokuwa wakubwa kuliko mdomo wa mama yao. Ulidhani ni uchafu. Mimi ningekuwa wewe ningedhani hivyo hivyo, kwa hiyo sikucheki, au nacheka kidogo tu.

Wale bila shaka walikuwa wa dume wa mwisho, mimba ya Januari. Sasa hakuna tena. Imeniuma, wifi, siwezi kukudanganya. Nilikuwa nashona kola, nikaisoma barua yako, nikashona kola upande wa ndani.

Yarudishe magugu hata hivyo. Kama uliyatupa, chota mengine kwenye mtaro wenye maji yanayotembea, uyaoshe kwa chumvi. Unifanyie hivyo kwa ajili yangu. Na kliniki wasubiri.

Kuhusu jina, nililijua. Aliniambia yeye mwenyewe kwamba amemwita kwa ajili yangu, huku anakimbia.

Dada wa mumeo

*

Tarehe 18 Machi

Wifi,

Asante kwa kuja. Nyumba ilisikia sauti ya mtu kwa siku tatu, mpaka jirani akaniuliza kama nimenunua redio mpya.

Umesahau futi yako ya kupimia, pini kumi na nne, na miwani ambayo ulisema huivai. Nakutumia kwa basi, kila kitu na lebo yake.

Kuna mambo mawili sikuyaelewa na sikutaka kuuliza mbele ya wageni. Tarehe 14 nilirudi kutoka kazini nikakuta sakafu ya sebule imelowa, wewe umepiga magoti na tambara, ukasema ulikuwa unaonja kama maji ya tangi yana chumvi. Nani anaonja maji ya tangi kwa ndoo? Na tarehe 15 uliondoka umeikumbatia ile chupa yako kubwa ya vifungo, umeifunika kwa kanga, ukakataa isiwekwe kwenye buti la basi. Kondakta alikuuliza mtoto ana miezi mingapi.

Au ndiyo uzee umeanza, au kuna jambo. Kama ni uzee, sema tu, nitakutafutia vitamini.

Magugu yameshika. Shangazi anaogelea katikati yake kama mama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Tumbo lake limekuwa na pembe kama boksi, na lile doa jeusi karibu na mkia, ulilonionyesha, linazidi kukolea. Nadhani ni ugonjwa wa kujaa maji. Nimempunguzia chakula.

Mjane wa kaka yako

*

Tarehe 23 Machi

Wifi, Shangazi amezaa.

Naandika nikiwa kazini, nyuma ya kaunta, wateja wasubiri. Jana asubuhi nilikuwa nimeshavaa koti la kazi. Nikapita kumtupia chakula nikamwona amejibanza kwenye kona, hataki kula, anatetemeka. Nikasema sasa naye anakwenda. Kisha akajipinda, kikatoka kitu kama punje, kikazama kidogo, kikafunguka, kikaogelea moja kwa moja kwenye magugu. Kisha kingine. Nilivuta kiti nikakaa. Nilichelewa kazini kwa saa mbili na sikutoa sababu. Baada ya kila watoto wawili watatu, yeye anageuka kuwatafuta awale, na wao wameshaingia kwenye majani. Nilimtenga kwenye beseni alipomaliza. Nimehesabu kumi na tisa. Mmoja alikuwa amelala chini, nikadhani amekufa, alikuwa anapumzika.

Dume wa mwisho alikufa tarehe 9 Januari, lebo ipo, naiona kila siku. Sielewi imekuwaje na leo sitaki kuelewa. Mle ndani hakukuwa na mwingine, kwa hiyo ni wa kaka yako.

Nimewapigia simu watu wa kliniki, nimewaambia tangi halitoki. Kama si hawa, lingekwenda. Nisingeweza kukaa kila jioni natazama maji matupu aliyoyaacha.

Nikuambie na jingine, kwa kuwa leo nina furaha na mkono wangu hauna breki. Siku ya maziko, mimi nikiwa chumbani, kuna mtu alisema nje ya dirisha kwamba kaka yako ameondoka bila kuacha hata kinachopumua. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, wifi. Tulizunguka hospitali zote, unajua. Simtaji aliyesema. Natamani tu jana asubuhi angekuwa amesimama karibu na kiti changu.

Mke wa kaka yako

*

Tarehe 30 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilipiga vigelegele mpaka mteja akatoka nje na kipimo chake. Mara ya pili nilifika kwenye yale maneno ya dirishani.

Ni mimi. Wewe unajua ni mimi, umeificha tu kwa heshima. Nililisema lile neno nikiwa nimeshikilia ukuta, sikujua dirisha liko wazi, lakini kuwa wazi au kufungwa si hoja. Nililisema. Nilikuwa na hasira na kifo nikaitupia kwako kwa kuwa wewe ulikuwa karibu zaidi. Nisamehe. Nimekuwa nikiizunguka sentensi hii tangu Desemba.

Kuna la pili, na hili litakuumiza zaidi, na ningeweza kunyamaza usilijue maisha yako yote. Nilitaka kunyamaza. Nimeshona magauni mawili nikijiambia kaa kimya, umempa furaha, iache. Lakini umekataa kliniki kwa sababu ya hawa watoto, na umesema ni wa kaka, na kama si hawa tangi lingekwenda. Siwezi kukuacha ukae mbele ya uongo wangu kila jioni.

Nilipokuja Machi nilinunua dume kwenye duka lililo karibu na kituo cha basi. Nilimtafuta mwenye mkia wa bluu, niliyempata ana bluu yenye doa la machungwa. Nilimbeba kwenye chupa ya vifungo. Wewe ulipokwenda kazini nikamtia kwenye tangi, tarehe 13 na tarehe 14. Wifi, yule kijana hakupoteza muda. Alimfuata Shangazi kila kona, akijikunja mbele yake kama mtu anayejaribu suti, kile kijipezi cha chini amekielekeza mbele, na Shangazi anakula tu kana kwamba hamwoni. Siku ya pili nikamchota kwa ndoo, ndipo uliponikuta na tambara. Nikarudi naye huku. Yupo kwenye chupa, juu ya meza ya cherehani, ananitazama nikiandika.

Nilidhani Shangazi akizaa, utaamini ni wa kaka, na lile neno langu litakuwa halijawahi kusemwa. Ndivyo akili yangu ilivyofanya kazi. Sasa unajua watoto ni wa nani. Fanya na tangi unavyotaka, sitauliza.

Dada wa mumeo

*

Tarehe 27 Aprili

Wifi,

Wiki nne bila jibu. Nastahili, kwa hiyo silalamiki, nakujulisha tu.

Dume ni mzima. Namnunulia chakula cha samaki na ninambadilishia maji kila baada ya siku moja. Wateja wanamwita Msaidizi. Nikimpitishia kitambaa chekundu anakichezea mkia, ana moyo wa kutafuta mchumba hata kwenye mabaki ya nguo. Nikimtazama peke yake mle ndani, natamani ningemwacha dukani kwa wenzake.

Kama umeshalitoa tangi niambie tu kwa mstari mmoja. Kama watoto umewamwaga, usiniambie.

Wifi yako, kama bado

*

Tarehe 18 Mei

Wifi,

Bado.

Nilikaa kimya kwa hasira, si kwa shaka. Nataka ulielewe hilo kwanza. Barua yako ilifika tarehe 3 Aprili wakati wa chakula cha mchana. Niliisoma nikaikunja, nikarudi kaunta, nikatoa dawa mpaka jioni bila kukosea dozi hata moja. Nilipofika nyumbani nilichukua ndoo. Nilikuwa nimeamua. Nilisimama mbele ya tangi na ile ndoo, na mbele ya macho yangu ziko lebo mbili: "Dume wa mwisho, 9 Januari", na chini yake, "Watoto 19, 22 Machi".

Mimi ni mtu wa tarehe, wifi. Ulimtia dume wako tarehe 13. Shangazi alizaa tarehe 22. Hizo ni siku tisa. Na doa jeusi lile la mimba, lililokolea mpaka akazaa, wewe mwenyewe ulinionyesha kwa kidole siku ile ile uliyofika, kabla hujafungua mizigo yako. Mimba ilikuwepo tayari, Msaidizi alikuta chumba kina mtu.

Nikaweka ndoo chini. Lakini basi ya nani, na madume wamekufa tangu Januari? Nikaenda kwenye sanduku la kaka yako, lile la nyaya na balbu za redio, ambalo sikuwa nimelifungua. Kuna madaftari sita ya samaki. Kwa miaka yote ile nilidhani anaandika mambo ya redio. Kila uzazi ameuandika, siku, idadi, mikia. Anasema jike huzaa kila baada ya wiki nne au karibu na hapo. Na kwenye daftari la pili, kwa mwandiko ule uliolala, ameandika hivi, nanakili: "Leo nimejifunza. Jike akikutana na dume mara moja anaiweka mbegu ndani yake. Anaweza kuzaa mara tatu, hata nne, miezi mingi baadaye, bila kumwona dume tena. Anaweka akiba. Nimemwambia mke wangu jambo hili, akasema samaki ana akili kuliko mimi niliyemaliza sukari."

Ni kweli aliniambia, na ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa napika na sikugeuka kumtazama. Nilikaa chini karibu na lile sanduku nikalia kwa sauti, jambo ambalo sijalifanya tangu Desemba, si kwa sababu ya samaki.

Kwa hiyo ulifanya ujanja wote ule, ukabeba chupa kwa basi, ukalowesha sakafu yangu, ukanidanganya, ukajiumiza roho ukaungama, na wale kumi na tisa hawakukuhitaji. Walikuwa njiani. Ningeweza kukujibu siku ile ile nikakupumzisha. Sikutaka. Nilitaka ulale na neno lako la dirishani kwa muda, kama mimi nilivyolala nalo. Sasa naona imetosha, na nadhani ilitosha hata kabla ya barua yako ya Aprili, ila mimi nina kichwa kigumu, kaka yako alikuambia.

Sasa sikiliza habari. Wa tarehe 22 Machi wamebaki kumi na sita. Saba ni madume na wiki hii mikia yao imeanza kushika rangi. Bluu, ukingo mweusi. Hakuna doa la machungwa hata kwa mmoja. Nimewatazama kwa miwani, nimewatazama bila miwani, nimemwita jirani naye akatazama. Ni mkia wake, wifi. Ni ule ule.

Na tarehe 19 Aprili Shangazi alizaa tena, ishirini na wanne. Hawa wamekuja baada ya Msaidizi, na tarehe hazinisaidii. Huenda wengine ni wa akiba ya zamani, wengine ni wake, daftari linasema jike anaweza kuchanganya. Bado hawana rangi, wote kama vipande vya kucha. Nilikuwa na hasira nao kabla hawajazaliwa. Nilijiambia, wa kwanza ni wetu, hawa wakiliwa waliwe. Asubuhi ile nikamwona Shangazi amegeuka kumfuata mmoja aliyechelewa kufika kwenye magugu, na kabla sijafikiri mkono wangu ulikuwa ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, na saa nimeivaa. Saa imekufa. Mtoto mzima.

Nimewanunulia beseni lao la kioo na nimewapandia magugu, tena mengi kuliko ya wale wakubwa. Shangazi sasa anakaa peke yake, anapumzika, daftari linashauri hivyo. Msaidizi mlete ukija. Hawezi kuishi maisha yake yote akitongoza vitambaa. Nitamtafutia majike wawili watatu, kaka yako ameandika kwamba dume mmoja kwa jike mmoja ni kumsumbua jike.

Kulikuwa kumebaki lebo. Kwenye tangi kubwa, chini ya tarehe, nimeandika: "Wa fundi redio." Hiyo ilikuwa rahisi. Kwenye beseni la pili nilishika kalamu kwa muda mrefu, maana kitu kinatakiwa kiwe na jina la mwenyewe na hawa sijui ni wa nani. Nikakumbuka kwamba alikuwepo mtu mmoja aliyetaka wazaliwe kuliko mtu yeyote.

Nimeandika: "Wa wifi."

Njoo uwaone kabla hawajakua. Safari hii dirisha la chumbani nitalifungua mwenyewe, ukiwa na la kusema ulisemee hapo.

Wifi yako